Difu ya Kubana kwa Gari la Mashindano: Uchaguzi Unaofaa Jinja na Mbale

Difu ina kazi moja kubwa: kuyaruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke kwa mwendo tofauti huku yote mawili yakipokea nguvu ya injini. Gari linapokata kona, gurudumu la nje hupita njia ndefu kuliko la ndani. Bila difu, moja kati ya hayo mawili lingelazimika kuburuzwa. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alipata hataza ya mtambo huo mwaka 1827 kwa ajili ya gari la mvuke, na kanuni yake haijabadilika tangu hapo.

Udhaifu wa difu ya kawaida unatokana na kanuni hiyo hiyo. Difu hiyo hugawa nguvu ya kuzungusha nusu kwa nusu, hali iwe nzuri au mbaya. Gurudumu lenye mshiko mdogo likipokea kidogo kwa sababu haliwezi kuhimili zaidi, lenzake nalo hupewa kidogo kile kile, hata kama limekaa kwenye ardhi imara. Ndiyo maana gari la nyumbani likizama gurudumu moja kwenye tope hubaki pale pale, gurudumu hilo likizunguka bure na la pili likiwa limetulia. Katika barabara ya lami jambo hili huonekana mara chache. Katika mashindano ya barabara za udongo hutokea karibu kila kona.

Dawa yake ni difu ya kubana, ambayo mafundi wengi huiita kwa herufi zake tatu, LSD. Difu hii huruhusu tofauti ya mwendo kati ya magurudumu, lakini huibana tofauti hiyo isivuke kiasi fulani, na hivyo kuhamishia nguvu upande wenye mshiko. Ziko aina kadhaa, na kila moja hubana kwa njia yake. Uchaguzi wake hutegemea mambo manne: ardhi ambayo gari litashindania, magurudumu yanayoendeshwa na injini, kanuni za daraja la mashindano, na uwezo wa gereji ya karibu kuifungua na kuitunza.

Ardhi ya Jinja na ardhi ya Mbale

Mbio za mzunguko zinazochanganya lami na udongo, yaani rallycross, zilianza Lydden Hill, Uingereza, Februari 1967, na mwaka 2014 zilipata ubingwa wa dunia chini ya FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari. Mashariki ya Uganda mchezo ulio karibu nazo zaidi ni otokrosi na mbio fupi za udongo, pamoja na hatua za rali zinazosimamiwa na shirikisho la vilabu vya michezo ya magari la nchi hiyo, FMU. Dereva wa klabu kwa kawaida ana gari moja tu. Difu atakayoifunga lazima ifae mzunguko mfupi wenye kona za kubana na pia hatua ndefu ya barabara ya kijijini.

Upande wa Jinja, mazingira yanayojulikana zaidi ni ya mashamba ya miwa ya Kakira, mashariki ya mji. Barabara za mashamba huwa zimenyooka kwa masafa marefu, kisha hukata ghafla kwenye njia panda zenye pembe mraba. Juu yake ni moramu nyekundu iliyoshindiliwa na matrekta na malori ya miwa. Wakati wa kiangazi uso wake hufunikwa na kokoto ndogo zinazoteleza juu ya sakafu ngumu, na matairi ya malori huacha mifereji miwili yenye kigongo katikati. Mahitaji makuu ya gari hapo ni mawili: kufunga breki kwa utulivu kutoka mwendo mkali, na kutoka kwenye kona ya mraba kwa nguvu bila gurudumu la ndani kuzunguka bure.

Mbale iko chini ya Mlima Elgon, volkano iliyozimika ambayo kilele chake, Wagagai, kina urefu wa mita 4,321. Udongo wa miteremko yake umetokana na volkano na una mfinyanzi mwingi. Ukikauka hushika vizuri. Ukilowa huwa kama sabuni. Barabara za Bugisu hupanda na kushuka, hupinda mara kwa mara, na nyingi zimeinama upande mmoja kwa sababu zimechongwa ubavuni mwa kilima. Mitaro ya maji ya mvua huzikata kwa mshazari. Gari likipita kwa kasi kwenye mtaro kama huo, gurudumu moja huachana na ardhi kwa muda. Tofauti hii ndiyo kiini cha uchaguzi mzima: Jinja gurudumu la ndani hupungukiwa na uzito, Mbale mara nyingi hukosa ardhi kabisa.

Hesabu ya mshiko

Mfano mmoja unaonyesha ukubwa wa tofauti hiyo. Chukua gari la kilo 1,000 lenye kilo 500 juu ya ekseli inayoendeshwa. Katikati ya kona kali uzito huhamia nje: tuseme gurudumu la ndani linabaki na kilo 120 na la nje linabeba 380. Juu ya moramu yenye mshiko wa nusu ya uzito, la ndani linaweza kusukuma kwa nguvu ya kilo 60 na la nje kwa kilo 190. Mshiko uliopo ni kilo 250 kwa jumla.

Difu ya kawaida itatoa 60 kwa kila upande, jumla 120. Zaidi ya nusu ya mshiko uliopo unapotea. Difu inayoweza kulipatia gurudumu lenye mshiko mara mbili na nusu ya kile linachopokea lenzake itatoa 60 na 150, jumla 210. Yenye uwezo wa mara nne ingeweza kutoa 240 kwa gurudumu la nje, lakini ardhi inaruhusu 190 tu. Kwa hiyo mshiko wote wa kilo 250 unatumika. Uwiano huu, wa nguvu inayokwenda upande wenye mshiko kwa ile inayokwenda upande unaoteleza, ndio kipimo cha kwanza cha kulinganishia difu.

Sasa gurudumu la ndani liinuke hewani. Mara mbili na nusu ya sifuri ni sifuri, na mara nne ya sifuri ni sifuri vilevile. Difu inayotegemea uwiano pekee hurudi kuwa karibu sawa na ya kawaida. Kinachookoa hapa ni mkazo wa awali, yaani kiasi cha kubana ambacho difu inacho hata kabla injini haijasukuma chochote. Gari la Mbale linahitaji mkazo huo zaidi kuliko gari la Kakira.

Difu ya kuchomelea

Njia ya bei nafuu kuliko zote ni kuchomelea gia ndogo za ndani ya difu ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja daima. Kwa gari la kuendeshwa nyuma linaloshindana kwenye udongo mlegevu tu, njia hii hufanya kazi: gari hutoka kwenye kona kwa nguvu zote, na dereva hulazimika kulitupa mkia ili likate kona. Hasara zake ni nyingi. Kwenye ardhi yenye mshiko gari hugoma kukata kona na kusukuma pua nje. Shafti za magurudumu hubeba mkazo wa kila kona, na kuchomelea kwa haraka huacha chuma kilichokakamaa ambacho kinaweza kupasuka na kumwaga vipande ndani ya gia. Kwa gari la kuendeshwa mbele difu ya namna hii haifai hata kidogo, kwa sababu usukani unakuwa mzito na gari hufuata mifereji ya barabara badala ya mikono ya dereva.

Difu ya mnato

Aina ya pili hutumia sahani nyembamba zilizofungiwa ndani ya chombo chenye mafuta mazito ya silikoni. Tofauti ya mwendo inapozidi, mafuta hayo hukataa kukatwa na sahani, na difu hubana. Subaru Impreza WRX za kizazi cha kwanza zilitumia mtindo huu katikati, na nyingi zilikuwa nao nyuma pia, huku difu ya mbele ikiwa ya kawaida. Ubora wake ni upole; haina mshtuko wala kelele. Udhaifu wake ni kuchelewa: lazima gurudumu lianze kuteleza kwanza ndipo libanwe. Zaidi ya hapo, silikoni hupoteza nguvu kwa joto na umri. Difu ya mnato iliyotoka kwenye gari lililokwisha kutumika miaka 20 mara nyingi imebaki na umbo tu, na haitengenezeki gerejini. Kwa mashindano ni ya kuanzia, si ya kukusudia.

Difu ya gia za mshazari

Aina ya tatu, ambayo Torsen na Quaife ndizo chapa zake mashuhuri, haina sahani za kusugua. Ina gia zenye meno ya mshazari. Nguvu inapopita, meno hayo husukumana kuelekea pembeni na kujibana kwenye ukuta wa nyumba yake. Kadiri injini inavyosukuma ndivyo inavyobana. Dereva akiachia mafuta, hulegea, na gari huingia kona kwa uhuru. Honda Integra Type R ya DC2 ilitoka kiwandani na difu ya namna hii kwenye magurudumu ya mbele, na sababu yake ni wazi: usukani hubaki mwepesi na hauvuti huku na huku.

Faida nyingine ni uimara. Haina kitu cha kubadilisha kila msimu, na chembe za msuguano hazichafui mafuta ya giaboksi. Kasoro yake kubwa ni ile ya hesabu iliyotangulia: gurudumu likiwa hewani, haina cha kuzidisha. Madereva wenye ujuzi hupambana na jambo hili kwa kugusa breki kwa mguu wa kushoto huku mguu wa kulia ukiendelea kukanyaga mafuta. Breki hulipatia gurudumu lililo hewani upinzani mdogo, difu huuzidisha upinzani huo, na nguvu hufika ardhini kupitia gurudumu la pili. Mbinu hii hufanya kazi, lakini hupasha breki joto na huhitaji mazoezi.

Difu ya pleti

Aina ya nne ndiyo mfalme wa mashindano ya udongo. Historia yake inarudi kwenye miaka ya 1930, ambapo magari ya Auto Union yaliyosanifiwa na Ferdinand Porsche yalikuwa na nguvu kiasi cha gurudumu la ndani kuzunguka bure kwenye kila kona, na kampuni ya ZF ya Ujerumani ikaombwa kutafuta tiba. Tiba ya pleti iliyoenea baadaye ni hii: pleti za chuma hupangwa kwa zamu, nusu zikishikana na nyumba ya difu na nusu zikishikana na gia za pembeni. Pini ya gia ndogo imekaa kati ya vipande viwili vyenye kingo zilizoinama. Injini inaposukuma, pini hupanda kwenye mwinamo, hutenganisha vipande hivyo, navyo hukandamiza pleti.

Uzuri wake ni kwamba kila sehemu inaweza kupangwa. Pembe ya mwinamo ikiwa ndogo, kwa mfano digrii 30 au 45, pini husukuma kwa nguvu na difu hubana sana. Pembe ikikaribia digrii 90, haibani kabisa. Upande mmoja wa pini huamua kubana wakati wa kukanyaga mafuta na upande wa pili wakati wa kuachia. Difu inayobana wakati wa kukanyaga tu huitwa ya njia moja. Inayobana sawa pande zote ni ya njia mbili. Inayobana sana wakati wa kukanyaga na kidogo wakati wa kuachia ni ya njia moja na nusu. Idadi ya pleti zinazosugua nayo huongeza au kupunguza nguvu, na springi za sahani huweka mkazo wa awali.

Kwa hesabu ya karibu, difu ya pleti iliyopangwa kuruhusu tofauti ya asilimia 60 ya nguvu inayoingia ina uwiano wa mara nne. Ikiwa mkazo wake wa awali, ukipimwa kwenye gurudumu moja, ni nyutoni-mita 60, tofauti ya kudumu kati ya pande mbili ni 120. Gurudumu moja likiwa hewani kabisa, la pili litaweza kupokea kiasi cha nyutoni-mita 300. Kwa tairi lenye nusu kipenyo cha sentimita 30, huo ni msukumo wa karibu kilo 100. Difu ya gia za mshazari katika hali hiyo hiyo ingetoa karibu na sifuri. Katika barabara zenye mitaro ubavuni mwa Elgon, tofauti hiyo inatosha kuamua kama gari litaendelea kusukuma au litapoteza mwendo kila linapovuka mtaro.

Kulingana na magurudumu yanayoendeshwa

Gari la kuendeshwa nyuma ndilo lililoijenga rali ya Afrika Mashariki. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, ilipita Uganda katika miaka yake ya mwanzo. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda katika familia ya wenye mashamba ya miwa ya Lugazi, kwenye barabara ya kutoka Kampala kwenda Jinja, aliishinda mara tano: mwaka 1973, kisha 1979 hadi 1982 mfululizo, zote kwa Datsun za kuendeshwa nyuma. Toyota Celica za turbo, nazo za kuendeshwa nyuma, zilishinda 1984, 1985 na 1986, hadi Hannu Mikkola alipoleta ushindi wa magurudumu manne kwa Audi mwaka 1987. Kwa gari la aina hii leo, kama Corolla ya AE86 au Datsun ya zamani, uchaguzi sahihi ni difu ya pleti ya njia moja na nusu au mbili. Kubana wakati wa kuachia mafuta huutuliza mkia gari linapofunga breki mwishoni mwa barabara ndefu ya miwa, na kukanyaga huligeuza gari kwa nguvu ya injini. Mkazo wa awali wa nyutoni-mita 60 hadi 100 ni mahali pazuri pa kuanzia.

Gari la kuendeshwa mbele, kama Toyota Starlet au Honda Civic, linadai busara zaidi. Magurudumu yale yale husukuma na kuelekeza. Difu kali huvuta usukani mkononi, hasa kwenye mifereji, na dereva huchoka kabla ya hatua kwisha. Kwa Jinja, difu ya gia za mshazari hutosha na hudumu. Kwa dereva anayeshindana Mbale mara kwa mara, pleti ya njia moja au moja na nusu yenye mkazo mdogo, nyutoni-mita 30 hadi 60, huleta faida zaidi, mradi akubali kubadilisha mafuta mapema: giaboksi na difu hushiriki mafuta yale yale, na unga wa pleti huzunguka ndani ya fani na gia zote.

Gari la magurudumu manne lina difu tatu, na hapa makosa ni rahisi. Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution ndizo zilizozoeleka zaidi katika rali za Uganda kwa miongo miwili. Kanuni ya kufuata ni kuanza nyuma. Difu ya pleti nyuma hulipatia gari msukumo na uwezo wa kugeuzwa kwa mafuta. Mbele hutosha difu ya gia za mshazari au pleti laini. Mbele ikibana kuliko nyuma, gari hugoma kukata kona kwenye udongo mkavu. Katikati, Subaru STI nyingi zina difu inayoongozwa na dereva kwa kidude cha ndani ya gari, na Evolution kuanzia ya saba, ya mwaka 2001, ina mfumo wa kompyuta. Mfumo wa Mitsubishi wa kugawa nguvu nyuma kwa kompyuta, ulioanza na Evolution IV mwaka 1996, ni mzuri ukiwa mzima, lakini pampu na nyaya zake huteseka kwenye maji na vumbi. Kwa sababu hiyo timu nyingi huchagua toleo la RS, lenye difu ya pleti ya kawaida nyuma.

Magari ya kisasa ya daraja la rali la Rally2 yameonyesha njia iliyo rahisi zaidi. Hayana difu ya katikati kabisa. Mbele na nyuma yana difu za pleti, na kivuta breki cha mkono hutenganisha ekseli ya nyuma ili gari liweze kuzungushwa kwenye kona ya kubana. Kwamba hata magari ya daraja hilo hutumia pleti ni ushahidi kwamba urahisi una thamani yake katika mashindano.

Kanuni za daraja

Kabla ya kulipa shilingi moja, dereva asome kanuni za daraja lake. Madaraja ya magari ya kawaida mara nyingi hudai nyumba ya difu ibaki ile ya kiwandani, na mengine hukataza difu zinazoongozwa kwa umeme ambazo gari halikuja nazo. Madaraja ya magurudumu mawili ya klabu huwa na uhuru zaidi. Difu ghali inayoliondoa gari kwenye daraja lake ni hasara mara mbili.

Kununua na kukagua

Wengi hununua difu zilizotumika, zilizotoka Japani pamoja na magari yaliyokatwa nusu, kupitia soko la Kisekka jijini Kampala au kwa wauzaji wa vipuri wa Jinja na Mbale. Rahisi ni ghali pale ambapo mnunuzi hakagui. Ukaguzi wenyewe hauhitaji mitambo.

Difu ikiwa mezani, shafti mbili zikiwa zimechomekwa, shika nyumba yake isizunguke na uzungushe shafti moja. Ya kawaida itaigeuza ya pili upande wa kinyume bila ubishi wowote. Difu ya pleti yenye afya itakataa kugeuka kwa mkono mtupu. Ya gia za mshazari itageuka, lakini kwa uzito wa mafuta mazito. Kisha fungua kizibo cha chini. Unga mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida. Vipande vinavyohisiwa kwa vidole si vya kawaida. Kwa difu ya pleti ni vizuri kuifungua kabisa na kutazama pleti moja moja: zenye rangi ya bluu zimeungua, zilizopinda hazilali sawasawa juu ya kioo, na zilizong'aa kama sufuria mpya hazina tena michoro inayoshika mafuta.

Difu ikiwa tayari kwenye gari, mkazo wa awali hupimwa kwa dakika chache. Gia iwe nyutro na breki ya mkono iachiwe. Gurudumu moja linaloendeshwa libaki chini likiwa limezuiwa kwa jiwe mbele na nyuma, la pili liinuliwe kwa jeki na kusimamishwa juu ya stendi. Spana ya kupimia ikazwe kwenye nati ya kati ya habu na kuvutwa polepole. Namba inayosomeka wakati gurudumu linapoanza kugeuka ndiyo mkazo wa awali. Iandikwe kwenye daftari la gari pamoja na tarehe. Difu iliyoanza na 80 na sasa inasoma 30 imekwisha pleti, hata kama dereva bado hajahisi lolote.

Mafuta na utunzaji

Difu ya pleti hudai mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili yake, ya daraja la GL-5 yenye kiungo cha kulainisha msuguano, kwa kawaida ya uzito wa 75W-90 au 80W-90, na mazito zaidi kwa joto kali. Mafuta ya kawaida ya difu huzifanya pleti zinate na kuachia kwa mishtuko, na mlio wake husikika gari likigeuka polepole. Difu za gia za mshazari hazihitaji kiungo hicho. Zile zinazokaa ndani ya giaboksi la mbele hutumia mafuta yanayopendekezwa kwa giaboksi, kwa sababu baadhi ya mafuta ya GL-5 hula shaba ya vifaa vya kulinganishia gia.

Mafuta ya difu ya pleti yamwagwe baada ya kila shindano. Mashariki ya Uganda kuna sababu ya pili ya kufanya hivyo: maji. Difu iliyopata moto kisha ikaingia ghafla kwenye kijito hupoa na kuvuta hewa ndani kupitia tundu lake la kupumulia. Tundu hilo likiwa chini ya maji, huvuta maji. Mafuta yanayotoka yakiwa na rangi ya maziwa yanathibitisha jambo hilo. Kinga yake ni mpira mwembamba unaopanda kutoka kwenye tundu hadi juu ya sakafu ya buti, mdomo wake ukielekezwa chini na kufunikwa kwa chujio dogo dhidi ya vumbi la moramu.

Pleti zenyewe ni kitu cha kuisha. Fundi mzuri wa Jinja au Mbale mwenye maikromita anaweza kupima unene wake, kubadilisha mpangilio wake ili kuongeza au kupunguza kubana, na kurudisha mkazo kwa kubadilisha springi. Difu ya gia za mshazari ikivunjika kwa kawaida hutupwa nzima. Kwa anayeishi mbali na wauzaji wa vipuri vya mashindano, jambo hili lina uzito sawa na bei ya kununulia.

Utaratibu wa matumizi ya fedha

Difu ya kubana haiponyi gari lenye shoka-abzoba zilizokufa. Gurudumu linaloinuka kwa sababu shoka-abzoba haiwezi kulirudisha chini litadai difu kali, na difu kali italifanya gari ligome kukata kona. Fedha za kwanza ziende kwenye shoka-abzoba na matairi ya udongo, za pili kwenye difu, na injini isubiri. Nguvu inayoongezwa kwenye difu ya kawaida huishia kuchimba shimo kwenye kona.

Baada ya kufunga difu mpya, ibadilishwe kitu kimoja kwa wakati: mkazo wa awali kwanza, mpangilio wa pleti baadaye, pembe za mwinamo mwisho. Mabadiliko mawili kwa pamoja huficha ni lipi lililosaidia.

Kwa ujumla, uamuzi unaelekea hivi. Gari la kuendeshwa mbele linaloshindania zaidi Kakira na barabara kavu lifungwe difu ya gia za mshazari. Gari la kuendeshwa mbele la Mbale lifungwe pleti laini na mwenye gari akubali gharama ya mafuta. Gari la kuendeshwa nyuma, popote litakapokwenda, lifungwe pleti ya njia moja na nusu au mbili. Gari la magurudumu manne lianze na pleti nyuma, na mbele ifuate kwa upole. Dereva asiyekuwa na fundi wa kuifungua difu yake amtafute fundi huyo kwanza, ndipo anunue difu.